Hakuna Mgeni Kibandani

Baada ya alasiri Mombasa hubadilika harufu. Kutwa nzima mji umenuka moshi wa matatu na lami iliyochomwa na jua. Mara, kuanzia Kuze hadi Bondeni, kutoka Majengo hadi vichochoro vya nyuma ya Marikiti, makarai yanatengwa motoni, na watu wanaotoka kazini wanaanza kupunguza mwendo.

Kinachokaangwa aghalabu ni viazi. Kiazi huchemshwa, kikamenywa, kikakatwa kati kama ni kikubwa, kisha kikachovywa kwenye rojo zito la unga uliotiwa chumvi, kitunguu thomu, pilipili, kotmiri na rangi ya manjano isiyoona haya. Wenye kujiheshimu hutumia unga wa dengu; wenye haraka huuchanganya na ngano. Kikishatoswa mafutani hutoka na ganda linalovunjika kwa sauti. Muuzaji hukipasua tumbo kwa kisu, akamimina ukwaju ndani, akakukabidhi juu ya kipande cha gazeti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Kenya mwezi Agosti 2017, gazeti la jana limepata kazi ya pili, na mara nyingine naiona ina heshima kuliko ya kwanza. Bei ni shilingi 10 au 20, kutegemea mtaa na ukubwa wa kiazi. Kuna ugomvi wa kudumu juu ya ukwaju: wapo wanaoutaka mzito, ukae juu, na wapo wanaoutaka mwepesi, upenye. Mimi ni wa mwepesi, na sibishani.

Ukikichunguza kiazi hicho, hakina kwao. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Hiki kinachofika Mombasa leo kimelimwa Nyandarua au Meru, kikateremka usiku kwa lori hadi soko la Kongowea. Unga wa dengu na ufundi wa kukaangia vitu ndani yake ni wa watu wa Gujarati na Kutch, ambao vyombo vyao vilizoea bandari hii muda mrefu kabla ya Waingereza kuanza kushusha vibarua wa Kihindi wa kujenga reli mwaka 1896. Pilipili ilitoka Amerika, ikafika huku katika zama za Wareno. Ukwaju ndio mwenyeji wa kweli, maana mti wake ni wa Afrika, na hata huo umekwenda Bara Hindi ukarudi na adabu za kigeni. Basi anayesema hiki ni chakula cha Waswahili asema kweli, na anayesema ni cha Wahindi pia asema kweli. Swali lenyewe limenichosha. Linalonishughulisha ni jingine: mtu hukila vipi, na nani amesimama kando yake.

Wasafiri wa zamani walioandika habari za pwani hii hawakununua chakula, walilishwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kama mgeni wa mtawala, akaletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kuku, nyama na samaki, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na aliyoyaandika ni machache: watu wake hula ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje ya kisiwa. Miaka 167 baadaye, Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alimpelekea Vasco da Gama kondoo, machungwa, malimau na miwa. Zawadi ile haikumfanya mtu kuwa rafiki. Siku chache hazikupita pande zote mbili zikawa zinaviziana usiku, na Wareno wakang'oa nanga kwenda Malindi. Chakula cha kupewa ni lugha ya wakubwa; kinauliza wewe ni nani, watoka wapi, umekuja kwa heri au kwa shari. Leo miwa ile ile hukamuliwa kandokando ya barabara pamoja na ndimu na tangawizi, na anayekamua hamuulizi mtu chochote ila kama ataka barafu.

Chakula cha nyumbani nacho kina masharti, na sisi watu wa pwani tumeyafanya masharti hayo kuwa sanaa. Ukikaribishwa unavua viatu, unamiminiwa maji mkononi, unaulizwa hali ya wazee, unasukumiwa nyama iliyo mbele ya mwenzako, na kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Ukiondoka unajua umebeba deni: siku yako itafika, nawe utandike. Ukarimu wenyewe una mpaka unaojulikana na kila mtoto, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mfikirie kijana aliyeshuka jana kutoka Kitui au Siaya. Hana mkeka wa kutandika. Ana chumba kimoja mtaa wa Bangladesh au Mishomoroni, ndoo ya maji na godoro. Hakuna nyumba ya Mji wa Kale itakayomwita ndani, na si kwa ubaya; hakuna tu anayemjua. Kibanda ndio mlango wa mji usiomdai jina la ukoo wake. Anatoa shilingi 20, anakula, hadaiwi. Sarafu ile imemtoa katika ugeni bila kumfanya mwenyeji, na sidhani kuna baraza, chama wala ofisi katika mji huu inayoifanya kazi hiyo kwa wepesi namna hiyo.

Nasema hivi nikijua wapo wanaotaka kukipa kiazi sifa kubwa zaidi. Katika hotuba za sikukuu husemwa kwamba chakula chetu kinatuunganisha, kwamba Mombasa ni sahani moja. Naona wanazidisha. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia watu wa bara wanaoishi ng'ambo ile ya kivuko. Makumi waliuawa, maelfu wakakimbia. Kula mbaazi za sufuria moja asubuhi hakukumzuia mtu kumjua jirani kwa kabila lake usiku ulipoingia. Anayekipa kibanda kazi ya kuleta amani anakibebesha mzigo wa serikali.

Kinachotoa kibanda ni kidogo kuliko umoja, na ni cha kuaminika zaidi: mahali pa kusimama. Karibu na Mwembe Tayari, jioni, utamkuta hamali wa Kimijikenda mwenye vumbi la simiti mabegani, fundi simu kutoka Murang'a, mzee wa Kibohora mwenye kofia yake nyeupe ya nyuzi za dhahabu, vijana wa madrasa na askari ambaye hajaamua kama amekuja kula au kufukuza watu. Hawaambiani mengi. Watasemezana kuhusu foleni ya feri, kuhusu mpira wa Uingereza, kuhusu joto. Kila mmoja ameshika gazeti lake, ameinama mbele ili ukwaju usidondokee shati. Ni vigumu sana kumtukuza mtu kwa ukoo wake akiwa ameinama hivyo.

Wala si kweli kwamba kila mtu hula. Hatua chache kutoka kwenye vibanda, barabara ya Langoni, liko hekalu la Wajaini, jengo la marumaru nyeupe la miaka ya 1960 linalopendwa na wapiga picha. Mjaini anayeshika dini barabara hali kitu kilichong'olewa ardhini, kwa kuwa kukitoa ni kuua mmea mzima na viumbe vilivyomo udongoni. Kiazi ni haramu kwake, kitunguu ni haramu, thomu pia. Chakula kinachopaswa kuwa cha wote kimemkosa mara mbili, kwa kiazi na kwa thomu ya rojo. Jirani yake wa Kihindu atakula kiazi bila taabu, lakini atauliza kwanza kama mafuta yale yamekaanga sambusa za nyama. Wapo wauzaji wanaotenga karai mbili kwa sababu hiyo, na hawalifanyi jambo hilo kuwa hotuba. Linafanyika kwa kuwa mteja ni mteja.

Ramadhani huupanga upya mji wote. Mchana hoteli nyingi za Kisiwani hufunga, na zile zinazobaki wazi huning'iniza pazia mlangoni, ili mla asimkwaze mfungaji. Ukipita utaona miguu tu chini ya pazia. Kuelekea magharibi vijimeza humwagika hadi katikati ya njia: kaimati, mkate wa sinia, mkate wa mayai, viazi vya rojo, tambi, sambusa, mitai. Wanunuzi si waliofunga peke yao. Namjua Mkristo mmoja, kinyozi, anayeungoja mwezi huo kwa hamu kuliko Waislamu kadhaa ninaowafahamu, na sababu yake ni mkate wa sinia tu.

Nimezungumzia jioni mno, wakati nusu ya habari hii hutokea alfajiri. Mji huu huamkia mahamri kwa mbaazi. Hamri ni ngano, sukari, hamira, iliki na tui la nazi. Unga hukandwa usiku ukaachwa uumuke. Mbaazi huloweshwa tangu jana, zikachemshwa hadi zilainike, kisha tui zito likatiwa mwishoni na moto ukapunguzwa lisikatike. Ili mfanyakazi wa bandari aondoke na hamri zake saa kumi na mbili, mtu ameamka saa tisa usiku. Mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Mchana utamkuta mwenzake mtaa wa pili akipika ugali, sukuma wiki na omena, au chapati kwa madondo, chini ya bati linalokaribia kugusa kichwa chake. Wengi wao walikuja na mapishi ya kwao, na mapishi hayo hayakubaki kama yalivyokuja. Ukila samaki kwa mama wa Kijaluo aliyekaa Mombasa muda mrefu, usishangae kukuta mchuzi una nazi. Hakufundishwa na mtu. Wateja walikuwa wakiacha mchuzi sahanini, naye ana macho.

Hapa ndipo neno nafuu linapotaka kutazamwa vizuri. Nafuu kwa nani? Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, ngano ilipanda bei duniani, na Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake. Mwezi Aprili Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kwa muda wa wiki tatu hivi. Kabla ya hapo, Februari 2018, serikali ya Kenya ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti na gunia la makaa likapaa. Mambo yote haya yalifika Majengo, na yalifikia kwenye hamri ya shilingi 10. Lakini hamri haikupanda bei, ilipungua mwili. Muuzaji aliusukuma unga ukawa mwembamba zaidi, akaukata pembe ndogo zaidi, akanyamaza. Mteja aliyekuwa akishiba kwa mbili akaanza kuagiza tatu, akidhani njaa yake ndiyo iliyoongezeka. Shilingi 10 ilikuwa ahadi, na ahadi hiyo ililindwa kwa gharama ya kila kitu kingine.

Msikilize mwanamke huyo wa hamri akipiga hesabu. Atataja unga, sukari, mafuta, nazi, makaa, pesa za mtoto anayeteka maji. Usingizi haumo. Mikono ya binti yake aliyekata vitunguu kabla ya kwenda shule haimo. Wala haimo ile siku askari wa kaunti walipopita na gari lao, wakaondoka na jiko na sufuria, akaenda kuvikomboa. Sisi tunaosifu chakula rahisi tunakula, pamoja na mbaazi, saa za mtu ambazo hazikulipwa. Sisemi tuache kula. Angekosa hata hicho. Nasema tu kwamba bei ndogo haikushuka kutoka mbinguni.

Halafu kuna daftari, ambalo linaniharibia hoja yangu ya hapo juu. Nimesema kibandani mtu hula akaondoka bila deni. Kwa mpita njia ni kweli. Kwa mteja wa kila siku si kweli hata kidogo. Pesa za simu zimeenea tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na karatasi ya namba ya malipo imebandikwa kwenye kila bati, lakini mwisho wa mwezi bado hutolewa daftari la shule lenye alama za mafuta, na ndani yake majina ambayo hakuna mzazi aliyewapa wanawe: Fundi Saa, Mzee Miwani, Tuktuk ya Bluu, Mama Pacha, Mwalimu Mdogo. Kabila halimo. Dini haimo. Kuna kazi, sura na kiasi. Mtu akishaandikwa humo ameacha kuwa mpita njia. Asipoonekana siku tatu ataulizwa, na si kwa ajili ya pesa peke yake. Akifiwa, kibanda kitachanga. Kwa hiyo sarafu iliyomfungulia mlango kwa kutomdai chochote ndiyo hiyo hiyo iliyomfikisha, polepole, mahali pa kudaiwa kama jamaa. Tofauti ni kwamba aliingia kwa hiari yake na kwa tumbo lake.

Liko jambo moja ambalo wapenzi wa vibanda hatulisemi sana. Ukihesabu waliosimama wakila, wengi ni wanaume. Mwanamke wa mji hununua akasema nifungie, akaenda kula nyumbani. Kusimama njiani mdomo ukitafuna bado kunamletea maneno ambayo kaka yake hayapati. Kahawa chungu ya usiku, ile ya dele la shaba na vikombe vidogo visivyo mkono, ni ya wanaume karibu kabisa, na baraza zake hujua siasa za dunia nzima pasipo dada mmoja kuchangia. Wanawake wanapika mji uliosimama, na wao wanakula wameketi ndani. Pahali ambapo mambo hulegea ni barabara ya Mama Ngina, karibu na mnara wa taa, ambako familia nzima huja jioni za Jumapili kupunga upepo: madafu, muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, krispi za muhogo za moto, maembe mabichi yenye chumvi, mabuyu mekundu yanayotia ulimi rangi. Bustani ya hapo ufukweni ilijengwa upya ikafunguliwa Oktoba 2019, na mengi yalibadilika, ila bibi mwenye buibui bado hukaa ukutani akala muhogo mbele ya bahari na dunia yote, na hakuna wa kumwambia neno.

Vijana sasa wana soseji za smoki, zinazosukumwa katika vigari vya chuma, zikapasuliwa na kujazwa kachumbari. Zimeteremka kutoka Nairobi na zimeenea kila kituo cha matatu. Sizipendi, naona ni kachumbari nzuri iliyopotezewa nafasi yake. Lakini namwona muuzaji wake anaongeza ukwaju kwa wateja wa hapa, na najua maana yake. Wajukuu zetu watakuja kuapa kwamba smoki ya ukwaju ni chakula cha jadi cha Mombasa, na pengine kitabu kitaandikwa.

Kila baada ya muda huzuka mpango wa kupendezesha vibanda: vijengwe sawasawa, vipakwe rangi moja, vipewe namba, watalii wapate kupiga picha. Sina neno na rangi. Lakini kando ya karai nyingi ninazozijua hakuna bomba la maji, hakuna choo ambacho muuzaji anaweza kwenda bila kufunga biashara, na taa ni ya duka la jirani. Leseni nayo hubadilika sura kila mtawala mpya anapoingia. Nilimuuliza bibi mmoja wa Majengo, mwenye umri wa mama yangu, kama nikiandika kuhusu kazi yake angependa nitaje lipi. Alikuwa anageuza viazi kwa mwiko wa matundu na hakuinua kichwa.

"Andika gunia la viazi limepanda," akasema. "Na mwanangu, jongea kando kidogo, wanizibia wateja."